Ibn Sina: Tabibu aliyepima viungo kabla ya kuvisifu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyeumba maradhi na akaumba pamoja nayo dawa zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara na wazee, na zaidi na vijana kwa niaba ya baba zao, kuhusu viungo vya jikoni na maradhi ya tezi dume. Je, ni kweli kwamba manjano, tangawizi, kitunguu saumu na habasoda humkinga mwanamume na saratani ya tezi hiyo? Je, mzee anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo atosheke na unga wa viungo uliochanganywa na asali? Suala hili si dogo, kwani saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume kwa wingi zaidi duniani. Kwa mwaka 2022 peke yake wagonjwa wapya walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 1.4, na waliofariki kwa maradhi hayo walikaribia 400,000.

Kabla ya kulijibu, tumeona ni vyema tuyapitie maisha ya tabibu mkubwa katika historia ya Uislamu, ambaye hakuna aliyeweza kumtuhumu kwamba hakuvijua viungo au alividharau. Huyo ni Abu Ali al-Husayn ibn Abdillah ibn Sina.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 Hijiria, sawa na mwaka 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake, Abdullah, alikuwa mtu wa Balkh aliyehamia huko na kupewa usimamizi wa kijiji jirani katika utawala wa Wasamani. Mama yake aliitwa Sitara. Baadaye familia ilihamia Bukhara, mji uliokuwa umejaa wanazuoni na vitabu, na hapo mtoto huyo akakabidhiwa kwa walimu wa Qur'ani na wa lugha. Alipofikisha umri wa miaka kumi alikuwa amekwisha kuihifadhi Qur'ani tukufu.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni jinsi baba huyo alivyoitafuta elimu kwa ajili ya mwanawe. Hesabu za Kihindi, ambazo ndizo tarakimu tunazozitumia leo, alimpeleka akazisome kwa muuza mboga, kwa kuwa mtu huyo alizijua vizuri. Fiqhi aliisoma kwa Ismail az-Zahid, na mantiki aliianza kwa mwalimu aitwaye an-Natili, kabla ya kuendelea kusoma peke yake vitabu vigumu zaidi. Kisha akaingia katika elimu ya tiba, na alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, matabibu wenye umri mkubwa walikuwa wakija kusoma kwake. Hakutosheka na vitabu, bali aliwaangalia wagonjwa kwa macho yake na akajifunza kutokana na kuwatibu mambo ambayo hayakuandikwa mahali popote.

Katika maelezo aliyoyaacha kuhusu maisha yake, alisimulia kwamba akishindwa na mas'ala alikuwa akienda msikitini, akiswali na kumwomba Mola wake mpaka lililofungika lifunguke. Kitabu cha Aristotle kuhusu falsafa ya juu alikisoma mara arubaini bila ya kukielewa, mpaka siku moja sokoni aliponunua kwa dirhamu tatu kitabu kidogo cha al-Farabi kilichomfafanulia. Kesho yake alitoa sadaka kwa mafukara kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Hakuwa amefikisha miaka kumi na minane pale mtawala wa Bukhara, Nuh ibn Mansur, alipougua na matabibu wake wakakwama. Kijana huyo aliitwa akashiriki katika kumtibu, na mtawala alipopona, Ibn Sina alipewa ruhusa ya kuingia katika maktaba ya kifalme. Humo alisoma vitabu ambavyo watu wengi hawakupata hata kuyasikia majina yake.

Kitabu cha Qanun na masharti saba

Baba yake alipofariki, na utawala wa Wasamani ulipoanguka, Ibn Sina aliianza safari ya maisha ambayo haikutulia tena. Alihamia Khwarazm, kisha akapita mji baada ya mji mpaka Jurjan, karibu na bahari ya Kaspi. Huko alikutana na Abu Ubayd al-Juzjani, mwanafunzi aliyeshikamana naye kwa takriban miaka ishirini na tano, na ambaye ndiye aliyetuhifadhia habari za maisha yake. Katika mji huo alianza kukiandika kitabu chake mashuhuri cha tiba, al-Qanun fi't-Tibb, alichokikamilisha baada ya miaka mingi ya kuhamahama.

Qanun ina vitabu vitano. Cha pili kinaeleza dawa moja moja, na idadi yake inapita 700. Humo msomaji atakutana na vitu ambavyo mama zetu wanavyo jikoni: mdalasini, karafuu, tangawizi, hiliki, zafarani na habasoda. Kila kimoja kimeelezwa tabia yake, manufaa yake na madhara yake. Tunasisitiza neno madhara, kwa kuwa wauzaji wa leo hulisahau. Zafarani, kwa mfano, aliisifu kwa kuuchangamsha moyo, na papo hapo akatahadharisha kwamba ikizidi kipimo huweza kuua.

Muhimu zaidi ni kwamba mwanzoni mwa kitabu hicho cha pili aliweka masharti saba ya kuijaribu dawa kabla ya kuiamini. Kwanza, dawa iwe safi, isiyobadilishwa na kitu kingine. Pili, ijaribiwe kwa maradhi mamoja, si kwa mgonjwa mwenye maradhi yaliyochanganyika. Tatu, ijaribiwe kwa maradhi yenye tabia zinazopingana. Nne, nguvu ya dawa ilingane na nguvu ya maradhi. Tano, uangaliwe wakati ambao athari yake inaonekana. Sita, athari hiyo ionekane daima au mara nyingi, kwani jambo linalotokea mara moja huenda likawa ni bahati tu. Saba, majaribio yafanywe kwa mwili wa mwanadamu, kwa sababu dawa iliyojaribiwa kwa simba au farasi haithibitishi chochote kuhusu binadamu.

Ndugu Waislamu, masharti haya yaliandikwa takriban miaka elfu moja iliyopita. Hebu tuyatumie katika suala tulilouliza.

Manjano ndiyo inayotajwa zaidi. Ni kweli kwamba kiini chake kiitwacho kurkumini kimechunguzwa sana, na katika vyombo vya maabara kimeonekana kuzuia chembe za saratani ya tezi dume zisikue. Panya pia wamejaribiwa. Lakini hapa ndipo sharti la saba la Ibn Sina linaposimama mbele yetu. Chembe iliyo ndani ya chombo cha kioo si mwanamume, na panya naye si mwanamume. Mtu anapokula manjano, utumbo huipokea kurkumini kidogo mno, na ini huivunjavunja upesi, kiasi kwamba inayoifikia tezi dume si ile iliyomiminwa katika chombo cha maabara. Mpaka sasa hakuna utafiti kwa wanaume uliothibitisha kwamba manjano, tangawizi, kitunguu saumu au kiungo kingine chochote cha jikoni humkinga mtu na saratani hiyo.

Huenda msomaji akauliza, kuna ubaya gani kutumia kitu kizuri hata kama hakijathibitishwa? Tutoe mfano. Mwaka 2001 ulianza Marekani, Kanada na Puerto Rico utafiti wa wanaume zaidi ya 35,000. Walipewa vidonge vya vitamini E na madini ya seleniamu, kwa kuwa dalili za awali zilionyesha kwamba vinakinga saratani ya tezi dume. Utumiaji wa vidonge hivyo ulisimamishwa mwaka 2008 baada ya kuonekana kwamba havina manufaa hayo. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba waliotumia vitamini E peke yake waliugua saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kilichodhaniwa kuwa ni ngao kiligeuka kuwa mkuki. Lau kama hapangekuwa na majaribio, watu wangeendelea kukinunua na kukisifu.

Na sharti la kwanza, la usafi wa dawa, nalo si hadithi ya kale. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi baadhi ya manjano nchini Bangladesh ilivyokuwa ikitiwa rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae, na risasi ni sumu. Anayeongeza vijiko vya unga asioujua asili yake, akidhani anaongeza kinga, huenda anaongeza sumu.

Waziri, mkimbizi na mfungwa

Turejee kwa tabibu wetu. Kutoka Jurjan alikwenda Rayy, kisha Hamadan, ambako alimtibu mtawala Shams ad-Dawla aliyesumbuliwa na msokoto wa tumbo. Alipopona, mtawala alimfanya waziri wake. Askari walimchukia, wakaivamia nyumba yake, wakapora mali zake na kutaka auawe. Ibn Sina alijificha kwa siku arubaini, mpaka tumbo la mtawala lilipomrudia tena, akatafutwa, akaombwa radhi na kurudishiwa cheo chake. Mchana alikuwa katika kazi za dola, na usiku wanafunzi walikusanyika kwake, huyu akisoma Qanun na yule akisoma kitabu chake cha falsafa, ash-Shifa.

Shams ad-Dawla alipofariki, Ibn Sina hakutaka kuendelea na uwaziri. Alijificha katika nyumba ya Abu Ghalib al-Attar. Neno attar kwa Kiarabu ni muuza manukato, viungo na dawa za miti. Katika nyumba hiyo, bila ya vitabu vya kurejea, aliandika kurasa hamsini kwa siku za kitabu cha ash-Shifa. Baadaye alikamatwa akafungwa kwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na humo pia aliandika. Hatimaye alitoroka pamoja na ndugu yake, al-Juzjani na watumwa wawili, wote wakiwa wamevaa mavazi ya Masufi, mpaka Isfahan, ambako mtawala Ala ad-Dawla alimpokea kwa heshima.

Al-Juzjani anasimulia pia kwamba huko Khwarazm mwanamke mmoja aliyeugua kifua kikuu aliamriwa na Ibn Sina asitumie dawa nyingine isipokuwa sukari iliyotengenezwa kwa mawaridi, naye akaitumia kwa wingi mpaka akapona. Majaribio mengi ya namna hii alikusudia kuyaingiza katika Qanun, lakini karatasi zake zilipotea. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba mwanachuoni huyu alipinga kutibu kwa chakula na mimea. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Mbegu zilizozidi kipimo

Sasa tunafika katika mwisho wa maisha yake, na ndani yake mna zingatio kubwa. Akiwa katika msafara wa kivita wa Ala ad-Dawla, Ibn Sina alishikwa na msokoto wa tumbo, yale yale maradhi aliyowatibu wengine. Alihofia kuachwa nyuma, hivyo akafanya haraka kujitibu. Kwa siku moja alijiingizia dawa kwa njia ya nyuma mara nane, mpaka matumbo yake yakapata vidonda.

Siku moja aliagiza zitiwe katika dawa hiyo daniki mbili za mbegu za karafsi, mboga inayojulikana kwa wapishi wa leo kwa jina la selari, ili kuvunja gesi tumboni. Daniki ni sehemu ya sita ya dirhamu. Tabibu aliyekuwa akimhudumia akatia dirhamu tano. Ukipiga hesabu, hicho ni kipimo kilichozidi mara kumi na tano. Al-Juzjani hakujua kama ilikuwa makusudi au makosa. Ukali wa mbegu hizo ulizidisha vidonda vyake. Juu ya hayo, watumishi waliokuwa wamemwibia mali walimtilia afyuni nyingi katika dawa nyingine, wakiogopa kwamba akipona atawaadhibu.

Alipata nafuu kidogo, kisha akarudiwa na maradhi njiani kwenda Hamadan. Alipotambua kwamba nguvu za mwili wake haziwezi tena kuyashinda maradhi, aliacha kujitibu. Akatubia, akagawa mali yake kwa mafukara, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anahitimisha Qur'ani kila baada ya siku tatu. Alifariki mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijiria, sawa na mwaka 1037 Miladia, akiwa na umri wa miaka 58 kwa hesabu ya mwandamo. Alizikwa Hamadan, na kaburi lake lipo huko mpaka leo. Qanun yake ilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, na vyuo vya tiba vya Ulaya viliendelea kuisomesha mpaka karne ya 17.

Uadilifu unatulazimu tuseme kwamba si kila jambo lake ni la kuigwa. Yeye mwenyewe alikiri kunywa kileo katika mikesha yake ya kusoma, na hilo ni haramu lisilo na mjadala. Katika falsafa, Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimpinga vikali katika masuala ya itikadi. Lakini Imam huyo huyo aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi ya kutosheleza, na akalalamika kwamba watu wanasongamana katika elimu ya fiqhi ilhali mji hauna tabibu Muislamu. Tunachukua chema tunakiacha kiovu, na toba yake tunamwachia Mola wake.

Somo kwa wazee wetu na familia zao

Ndugu Waislamu, ikiwa mbegu za mboga zilizozidi kipimo zilichangia kumdhoofisha bingwa wa dawa, na zilitiwa kwa mkono wa tabibu, itakuwaje kwa mzee wetu anayepimiwa kwa kiganja na muuzaji wa njiani? Kiungo ndani ya pilau ni chakula, na ni neema ya kushukuriwa. Kiungo hicho hicho kikikamuliwa, kikakolezwa na kutiwa katika vidonge, kimekuwa dawa, na kina hukumu ya dawa. Vidonge vikali vya manjano vimewahi kuwadhuru watu ini. Tangawizi, manjano na kitunguu saumu kwa kiwango kikubwa huweza kumzidishia hatari ya kutokwa damu mtu anayetumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi. Basi anayekwenda hospitali na amtajie daktari kila anachotumia.

Ama habasoda, Hadithi ya Mtume (S.A.W) inayoisifu ni sahihi, na tunaiamini. Lakini Mtume (S.A.W) ndiye huyo huyo aliyetuamrisha tujitibu, na akatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, anaijua anayeijua na haijui asiyeijua. Kuitumia habasoda hakumwondolei mtu wajibu wa kumwendea anayejua.

Hatari kubwa si manjano yenyewe. Hatari ni ile miezi inayopotea huku mzee akisubiri manjano ifanye kazi. Saratani ya tezi dume mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Na dalili zinapotokea, kama mkojo kutoka kwa shida, kuamka mara nyingi usiku, damu katika mkojo au maumivu ya mgongo na nyonga, huenda yakawa ni uvimbe wa kawaida wa uzee usio saratani, na huenda yakawa ni saratani iliyokwisha kusambaa. Hayo mawili hayatenganishwi kwa kuonja dawa, hutenganishwa kwa vipimo. Ibn Sina mwenyewe aliandika kwamba saratani ikishikwa mapema na ikiwa ndogo yaweza kuondolewa, na ikikomaa huwa vigumu. Elimu ya leo imezidi kulithibitisha hilo.

Kwa hiyo tunawanasihi wanaume waliofikia miaka 50 wazungumze na daktari kuhusu kipimo cha damu kiitwacho PSA. Mwenye baba au ndugu aliyeugua asingoje, aanze akiwa na miaka 45, na vivyo hivyo madaktari wengi hutushauri sisi wenye asili ya Afrika. Kipimo hiki peke yake hakithibitishi saratani, lakini humwonyesha daktari pa kuanzia. Na wanaoogopa kwa sababu ya haya, wafahamu kwamba wanazuoni wamemruhusu tabibu kuangalia na kugusa sehemu ya siri kwa kiasi cha dharura. Haya ni katika imani, lakini haya inayompeleka mtu kaburini kabla ya kujitibu sivyo tulivyofundishwa.

Enyi mama zetu, endeleeni kutia tangawizi katika chai na mdalasini katika pilau, kwani chakula kitamu cha nyumbani ni rehema. Mkimwona baba ameanza kuamka usiku mara kwa mara, msimwongezee kijiko. Mwiteni kijana wake wa kiume, azungumze naye kwa adabu, na amsindikize hospitali.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi wazee wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.